Jina Daftarini, Neno Nyumbani: Uamuzi wa Kutoa Viungo Baada ya Kufa

Kujiandikisha kuwa mtoaji wa viungo ni jambo la dakika chache, kwani mara nyingi huishia kwenye alama moja inayowekwa katika fomu ya leseni ya udereva au kwenye simu ya mkononi, ilhali utekelezaji wake huja, ikiwa utakuja, katika saa ambayo mwenye uamuzi hawezi tena kufungua kinywa, na wanaoulizwa kwa niaba yake ni mke au mume, watoto, kaka mkubwa na shangazi aliyefika hospitalini na vumbi la safari miguuni. Tofauti hiyo kati ya wepesi wa kuandika na uzito wa kutekeleza ndiyo inayoufanya uamuzi huu udai maandalizi kuliko fomu yenyewe inavyoonyesha. Anayejiandikisha bila kuelewa kinachofanyika hospitalini, au bila kumwambia mtu yeyote nyumbani, amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo huenda isifae kitu.

Utoaji wa viungo maana yake ni mtu kuridhia kwamba kiungo chake, kama vile figo, ini, moyo, mapafu, kongosho au utumbo mwembamba, kitolewe na kupandikizwa katika mwili wa mgonjwa ambaye chake kimeshindwa kazi. Pamoja na viungo hutolewa pia tishu, yaani sehemu za mwili zisizo viungo kamili, kama ngozi, mifupa, vali za moyo na konea, ambayo ni kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni ya jicho. Utoaji uko wa aina mbili: wa mtu aliye hai, ambaye anaweza kutoa figo moja kati ya mbili alizo nazo au kipande cha ini, kwa kuwa ini lina uwezo wa kukua tena, na wa mtu aliyekwisha kufa, ambao ndio unaohitaji daftari la majina ya watoaji, maana aliye hai husema mwenyewe.

Historia ya aina zote mbili si ndefu. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954, pale daktari Joseph Murray alipochukua figo ya pacha mmoja na kumwekea pacha mwenzake aliyefanana naye kabisa, na moyo wa binadamu ulipandikizwa kwa mara ya kwanza ndani ya binadamu mwingine mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, kwa mikono ya Christiaan Barnard. Aliyepokea moyo huo, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Aliyeutoa, Denise Darvall, alikuwa msichana aliyegongwa na gari, na idhini ilitolewa na baba yake, ambaye katika ajali hiyohiyo alikuwa amefiwa na mke. Hata katika tukio hilo la mwanzo kabisa, basi, aliyeulizwa hakuwa mwenye moyo bali mzazi wake, na aliulizwa katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake.

Jambo la kwanza ambalo anayefikiria kujiandikisha anapaswa kulijua ni kwamba uwezekano wa viungo vyake kutumika ni mdogo. Nchini Uingereza inakadiriwa kwamba takriban mtu 1 tu kati ya 100 wanaofariki ndiye anayekufa katika hali inayoruhusu viungo kutolewa, na sababu yake ni ya kimaumbile: kiungo kisichopata damu yenye oksijeni huanza kuharibika upesi, kiasi kwamba moyo uliokwisha kutolewa na kuhifadhiwa kwenye barafu huwa na saa kama nne hadi sita tu za kufika kifuani mwa mgonjwa, wakati figo huweza kuvumilia siku nzima na kidogo. Kwa hiyo anayefia nyumbani, njiani au usingizini hawezi kutoa moyo wala ini, ingawa konea zake bado zinaweza kufaa kwa saa kadhaa baada ya kufa. Wanaoweza kutoa viungo vikuu ni wale wanaofia katika chumba cha wagonjwa mahututi wakiwa wameunganishwa na mashine ya kupumulia, wengi wao kwa sababu ya kiharusi kilichomwaga damu ndani ya kichwa, jeraha la kichwa au ubongo kukosa hewa. Uchache huo ndio unaolifanya daftari lihitaji majina ya watu wengi ili mmoja apatikane.

Kutokana na hayo huzaliwa hofu iliyo kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni ya mtu kukatwa kabla hajafa. Hofu hiyo haijibiwi kwa kubezwa, inajibiwa kwa kueleza kifo cha ubongo ni nini na kinathibitishwaje. Tangu zamani kifo kilitambuliwa kwa pumzi kukatika na moyo kusimama, lakini mashine za kupumulia zilipoingia hospitalini katikati ya karne ya 20 ilionekana hali mpya, ambapo ubongo umekufa wote, au shina lake, yaani sehemu ya chini inayoongoza pumzi na fahamu, limekufa, huku mashine ikiendelea kusukuma hewa mapafuni na moyo ukiendelea kupiga, kwa kuwa moyo una chanzo chake wenyewe cha mapigo na hausubiri amri ya ubongo maadamu unapata oksijeni. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilitoa vigezo vya kuitambua hali hiyo, na nchi nyingi zimevitunga upya kwa namna zao tangu wakati huo. Hali hii haifanani na kupoteza fahamu kwa muda mrefu, ambako ubongo ungali hai na mgonjwa anaweza kupumua mwenyewe, na wengi wanaosimulia habari za watu waliozinduka baada ya miezi huwa wanasimulia hali hiyo ya pili.

Upimaji wenyewe hufanyika kando ya kitanda, na ndugu wa mgonjwa anaweza kuomba kuwapo. Daktari humulika mboni kwa tochi akaangalia kama zitasinyaa. Hugusa konea kwa pamba kuona kama kope zitapepesa. Humimina maji ya baridi kali sikioni, ambayo kwa mtu mwenye shina la ubongo lililo hai huyafanya macho yasogee. Hubonyeza kwa nguvu mfupa ulio juu ya jicho ili kuona kama uso utakunjamana. Hupitisha mrija mwembamba hadi kooni kutafuta kikohozi. Mwisho huja kipimo ambacho jamaa wengi hukikumbuka maisha yao yote: mashine ya kupumulia huondolewa, oksijeni ikiachwa ikiingia kwa mrija, na watu wote chumbani wakakitazama kifua kwa dakika kadhaa, hewa chafu ikiongezeka katika damu hadi kiwango ambacho ubongo ulio hai, hata uliojeruhiwa vibaya, ungelazimisha pumzi. Kifua kisipoinuka, jibu limepatikana. Nchini Uingereza vipimo hivyo hufanywa na madaktari wawili wenye uzoefu, hufanywa mara mbili, na hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kuwa wa timu ya upandikizaji. Na saa ya kifo inayoandikwa ni ile ya vipimo vya kwanza kukamilika, si ile ya mashine kuzimwa. Ipo njia nyingine, ambapo familia na madaktari wamekubaliana kwamba tiba haina faida tena, mashine ikaondolewa, moyo ukasimama wenyewe, na baada ya kungoja dakika tano zisizo na dalili ya uhai kifo kikathibitishwa. Hapo ndipo wapasuaji huingia.

Baada ya kifo kuthibitishwa, utoaji hufanywa katika chumba cha upasuaji kwa utaratibu uleule wa mgonjwa aliye hai, kwa mkato mmoja wa kifuani na tumboni unaoshonwa na kufunikwa. Uso hauguswi, na hata konea ikitolewa, kope hufungwa na jicho hubaki na umbo lake. Anayeaga mwili kwenye jeneza lililofunuliwa haoni kitu, na mwosha maiti ataona mshono kama wa upasuaji mwingine wowote, ambao unapaswa kuoshwa kwa upole na kuzuiwa usivuje kabla ya kukafini. Lililo la kweli, na ambalo vipeperushi vya kuhamasisha hulipitia haraka mno, ni muda: kuanzia familia inaporidhia hadi mwili kukabidhiwa huweza kupita siku nzima au zaidi, kwa kuwa lazima damu ipimwe, wapokeaji watafutwe na timu za wapasuaji zisafiri. Kwa familia iliyozoea kuzika siku ileile kabla ya jua kuzama, hiyo ni siku ndefu sana, na ni heri waijue mapema kuliko kuigundua wakiwa wamesimama kwenye korido ya hospitali, kaburi likiwa limekwisha kuchimbwa. Katika nchi kama Uingereza na Marekani familia hailipishwi gharama za utoaji, lakini gharama za mazishi hubaki juu yake, na haipewi malipo yoyote kwa viungo.

Kwa upande wa dini, msomaji Mwislamu hana budi kujua kwamba wanavyuoni hawakukaa kauli moja, ingawa mabaraza makubwa yameelekea upande wa kuruhusu. Baraza la Kimataifa la Fikihi la Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 lilikubali kwamba mtu huhesabiwa amekufa kisheria ama moyo na pumzi yake vikisimama kabisa ama ubongo wake ukikoma kabisa kufanya kazi bila kutarajiwa kurejea, na katika kikao cha Jeddah mwaka 1988 likaruhusu viungo vya maiti kutolewa iwapo uhai wa mpokeaji, au kazi ya msingi ya mwili wake, unategemea hilo, kwa sharti kwamba marehemu mwenyewe aliridhia au warithi wake wameridhia, na kwamba kiungo hakiuzwi. Wanaokataa, ambao wengi wao ni wa vyuo vya Bara Hindi, hutegemea hoja kwamba mwili ni amana na binadamu si mmiliki wake, na mafundisho ya hadithi yanayolinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuvunja wa aliye hai. Na wapo walio katikati, wanaokubali utoaji baada ya moyo kusimama lakini si kwa kifo cha ubongo peke yake. Hitilafu hii haiwezi kumalizwa na makala. Anayetaka kuwa na utulivu wa moyo na amwendee shehe anayemwamini, ampe maelezo ya kitabibu kama yalivyo hapo juu, kwa sababu jibu hutegemea sana swali lilivyoulizwa, kisha aandike alichochagua. Daftari la Uingereza, kwa mfano, lina mahali pa kuonyesha kwamba mwandikishwaji anataka familia yake ihojiwe jinsi utoaji utakavyoendana na imani yake.

Kwa Wakatoliki jambo limekuwa wazi zaidi: Papa Yohane Paulo wa Pili, akihutubia mkutano wa wapandikizaji mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000, alisifu utoaji wa viungo kuwa tendo la upendo na kukubali vigezo vya kifo cha ubongo vikifuatwa kwa ukamilifu, na makanisa mengi ya Kiprotestanti huliachia jambo hili dhamiri ya muumini. Iko pia imani isiyoandikwa popote, ambayo huzungumzwa na wazee wa dini zote mbili, kwamba mtu asizikwe pungufu, asije akawafikia waliotangulia bila moyo au bila macho. Hii si imani ya kuchekwa, kwa maana imejengwa juu ya heshima ileile inayowafanya watu wasafirishe maiti maelfu ya maili ili azikwe kwao. Lakini mzee huyohuyo anaweza kuulizwa kwa adabu kama ndugu yao aliyekatwa mguu kwa kisukari, au yule aliyeliwa na bahari, amehesabiwa kuwa amefika pungufu, na mara nyingi mazungumzo hulegea hapo.

Sheria nazo hutofautiana kiasi kwamba Mswahili wa London na nduguye wa Minneapolis hawapaswi kuigana bila kuuliza. Nchini Wales tangu Desemba 2015, na Uingereza yenyewe tangu Mei 2020, kila mtu mzima huhesabiwa kuwa ameridhia kutoa viungo isipokuwa ameandikisha kukataa, na wanaoachwa nje ya dhana hiyo ni pamoja na watoto chini ya miaka 18 na wale ambao hawajamaliza miezi 12 ya kuishi humo. Wengi husikia hayo wakadhani kuandikisha hakuna maana tena, jambo ambalo ni kosa, kwa sababu hata chini ya dhana hiyo wauguzi huiuliza familia, na familia ikikataa hospitali kwa kawaida huacha. Nchini Marekani mambo ni kinyume: hakuna anayedhaniwa kuridhia, lakini mtu mzima aliyejiandikisha, aghalabu anapochukua leseni ya udereva, idhini yake inajitosheleza kisheria, na ndugu hawana mamlaka ya kuitengua. Falme za Kiarabu zina mpango uitwao Hayat, ambao huandikisha wakazi kwa kitambulisho chao bila kujali uraia. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humruhusu mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia kutoa mwili au kiungo chake kwa wosia, kwa hati iliyotiwa saini mbele ya mashahidi wawili, au hata kwa maneno ya mdomo mbele ya mashahidi wawili, na kuubatilisha uamuzi huo akitaka. Kifungu hicho cha maneno ya mdomo kinafaa kutazamwa vizuri, kwa kuwa kinazifaa jamii ambazo wosia wake mwingi haujawahi kuandikwa.

Yote hayo yakishaeleweka, ndipo huja kazi ambayo fomu haiwezi kumfanyia mtu, nayo ni kusema nyumbani. Taasisi ya Uingereza inayosimamia daftari imekuwa ikieleza kwamba familia tisa kati ya kumi huridhia zikijua kwamba marehemu alitaka, na kwamba idadi hiyo hushuka sana pale ambapo hazikuwahi kuambiwa; na hakuna ajabu, kwa kuwa mtu aliyefiwa akiulizwa asilolijua, jibu lililo salama kwake ni hapana. Kwa familia za Kiswahili tatizo lina sura ya ziada. Anayetambuliwa na hospitali kuwa ndugu wa karibu ni mke au mume, au mtoto mkubwa, lakini mwenye kauli katika msiba huwa ni mtu mwingine kabisa: baba mkubwa aliyeko Tanga, mjomba wa Mombasa, dada mkubwa aliyewalea wote. Mjane aliyeko Birmingham anaweza kuwa anajua vyema mumewe alitaka nini, na sheria ikawa upande wake, kisha simu ikaita saa tisa usiku, sauti ya baba mkubwa ikauliza kwa nini mtoto wao anachinjwa, na mjane akanyamaza. Hakuna sheria itakayomsaidia katika dakika hiyo kama baba mkubwa hakuwahi kulisikia jambo lile kutoka kinywani mwa marehemu mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri ni kwamba mwenye kujiandikisha azungumze na watu wawili kwa uchache: yule atakayeulizwa na hospitali, na yule atakayeulizwa na ukoo. Mazungumzo hayo hayafai kuletwa kama tangazo, wala siku ya sikukuu watu wote wakiwa wamekaa mkekani, kwa sababu kutaja kifo chako mwenyewe mbele ya mama ni kumtia mchecheto, naye atajibu kwa dua ya kuepusha na mambo yataishia hapo. Nafasi bora ni ile inayoletwa na habari nyingine: jirani anayekwenda kusafishwa damu, kijana aliyepata ajali ya bodaboda, taarifa ya redio. Maneno yenyewe yawe machache na yasiyo na shaka, kwa mfano: “Nimejiandikisha kwamba nikifia hospitalini, figo na macho yangu vitumike, moyo waniache nao, nimemuuliza shehe, na ninaomba siku hiyo usimwachie mke wangu mzigo wa kuwajibu watu peke yake.” Sentensi ya aina hiyo hutaja kilichotolewa, kilichozuiwa, aliyeshauriwa na anayeombwa kusaidia, na mzee aliyeombwa msaada huwa mtetezi wa jambo ambalo angelipinga kama angeletewa taarifa tu.

Mfano huo unaonyesha pia kwamba uamuzi si lazima uwe wa yote au hakuna. Madaftari mengi huruhusu mtu kuchagua viungo, na anayesitasita juu ya macho au moyo hana sababu ya kuzuia figo. Vilevile haifai mtu ajiondoe mwenyewe kwa kudhani ni mzee mno au ana shinikizo la damu au kisukari, kwani madaktari huvipima viungo siku ile, kimoja kimoja, na ini la mtu wa miaka 70 linaweza kuwa zima. Hata wanaoishi na virusi vya UKIMWI wameweza kutoa figo kwa wagonjwa wenye virusi hivyohivyo, jambo lililoanzishwa Cape Town mwaka 2008. Kwa Waafrika waishio Ulaya na Marekani kuna sababu moja zaidi ya kulipima jambo hili: ulinganifu wa tishu hupatikana kwa urahisi zaidi baina ya watu wa asili moja, na wagonjwa weusi nchini Uingereza wamekuwa wakingoja figo muda mrefu kuliko weupe kwa sababu watoaji wa asili yao ni wachache.

Katika Afrika Mashariki yenyewe mtu anayeguswa na jambo hili huguswa kwa sura nyingine, kwa kuwa upandikizaji unaofanyika huko hutegemea karibu wote watoaji walio hai, na hasa ndugu. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilikuwa imekwisha kupandikiza figo kwa miaka mingi wakati Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, ikafuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, kisha Hospitali ya King Faisal ya Kigali na Mulago ya Kampala mwaka 2023, mwaka ambao Uganda ilipata sheria yake ya utoaji na upandikizaji wa viungo. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya India, mgonjwa na ndugu yake pamoja, kwa fedha za serikali au za harambee. Kwa hiyo huko swali halijengwi juu ya kifo cha siku isiyojulikana. Linaletwa mezani na kaka ambaye figo zake zimekufa na ambaye mara mbili au tatu kwa juma hulala saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu.

Anayeombwa figo na nduguye anapaswa kwanza kujua anachokubali. Hupimwa kundi la damu, ulinganifu wa tishu, kazi ya figo zote mbili, sukari, shinikizo la damu na mishipa. Hufanyiwa upasuaji wa saa kadhaa akiwa chini ya nusukaputi. Hukaa hospitalini siku chache na kurudi kazini baada ya wiki nne hadi sita, zaidi kama kazi yake ni ya kubeba mizigo. Figo inayobaki hukua na kufidia sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Hatari ya kufa kwa upasuaji huo ni ndogo, takriban watu 3 kwa kila 10,000, lakini ipo, na baada yake mtoaji hupaswa kupimwa shinikizo la damu, mkojo na kazi ya figo kila mwaka, na kuachana na mazoea ya kununua diklofenaki dukani kila anapoumwa mgongo. Mwanamke ambaye hajamaliza kuzaa anapaswa kuelezwa kwamba hatari ya kifafa cha mimba huongezeka kwake, na kijana ambaye wazazi wote wawili wana presha anapaswa kuelezwa kwamba ugonjwa uliomwangusha kaka yake huenda unamngoja yeye pia.

Lililo gumu zaidi kuliko upasuaji ni kikao cha ukoo. Mara nyingi uchaguzi humwangukia asiye na nguvu ya kukataa: dada asiyeolewa, mdogo anayelipiwa ada na mgonjwa, mke ambaye akikataa ataonekana hampendi mumewe. Ridhaa iliyopatikana hivyo si ridhaa, na timu ya wapandikizaji inayojua kazi yake humhoji mtoaji peke yake, mbali na ndugu, ikimhakikishia kwamba anaweza kujitoa hadi dakika ya kuingia chumba cha upasuaji na kwamba familia itaambiwa tu kuwa kitabibu hafai. Aliyeitwa kupimwa na asihojiwe hata mara moja akiwa peke yake ana haki ya kuomba ahojiwe. Na akitokea dalali wa kutafuta figo ya kununua, au mtu akishawishiwa kuuza yake ili alipe deni au anunue bodaboda, jambo hilo ni kosa la jinai katika nchi nyingi za dunia na limekatazwa na miongozo ya Shirika la Afya Duniani, na uzoefu umeonyesha kwamba muuzaji hupata sehemu ndogo ya fedha, hakosi maumivu, na hana wa kumfuatilia afya yake baadaye.

Yapo mambo machache ya kiutendaji yanayobaki kwa anayekusudia daftari. Hati au ujumbe wa uthibitisho unafaa kuwekwa pamoja na vyeti vingine vya nyumba, nakala moja ikiwa kwa mtu asiyeishi humo; anayehama nchi ajue kwamba uandikishaji wake hauhami naye; na aliyebadili mawazo afute jina kwa utaratibu uleule aliojiandikishia, kisha awaambie tena walewale aliowaambia mwanzo, kwa sababu ndugu watatetea neno la mwisho walilolisikia. Anayetaka kujiandikisha juma hili na aanze kwa kupiga simu nyumbani, fomu itamsubiri.